Je, kivuli cha mti kina bei gani?

HEBU leo, mpenzi msomaji, funua kurasa za matangazo ya nyumba usome polepole. Utakuta nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, maji ya kisima, jenereta, maegesho ya magari mawili, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo tu, maneno haya: inatazama msitu. Nyumba nyingine ya vyumba vitatu, iliyojengwa mwaka uo huo na pengine na mafundi wale wale, haitazami msitu. Inatazama ukuta wa ghorofa jirani na kamba za kuanikia nguo. Bei zake hazilingani hata kidogo. Sasa jiulize: huyo anayelipa pesa za ziada analipia nini hasa? Msitu si wake. Hawezi kuukata, hawezi kuuuza, wala hawezi kumzuia mtu wa mtaa mwingine kuingia kutembea. Amenunua haki ya kutazama tu, na hata hiyo haikuandikwa popote katika hati yake.

Usidhani swali hili ni la mabwenyenye wa Muthaiga peke yao. Linakuhusu wewe mwalimu unayeweka akiba katika chama cha ushirika ili siku moja ununue ploti Ruiru au Kitengela. Linakuhusu wewe mwanafunzi uliyepanga chumba kimoja na mwenzako. Na linakuhusu wewe mama ambaye wikendi nzima huwafungia watoto ndani ya nyumba katika ghorofa ya tano, kwa sababu huko chini hakuna pa kuchezea ila barabara ya matatu.

Mimi mwenyewe somo hili nililipata kwa gharama. Miaka mingi iliyopita, mimi na mke wangu tulihamia mtaa mmoja wa upande wa mashariki wa jiji ambao sitautaja. Kilichotuvuta hakikuwa nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kawaida tu, na bafu lake lilikuwa na tabia ya kufurika. Kilichotuvuta ni uwanja uliokuwa mbele yake. Ulikuwa na nyasi zilizochakaa, magoli mawili ya vijiti na mkuyu mmoja mkubwa ambao wazee walikaa chini yake kucheza bao. Mwenye nyumba alidai kodi kubwa kuliko ya nyumba za nyuma, na alipoulizwa sababu alinyosha kidole tu kuelekea uwanjani. Tukalipa.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Jumamosi, tuliamka tukakuta uwanja umezungushiwa mabati. Hakuna aliyejua ni nani aliyeyaweka. Chifu hakujua, na diwani naye alisema ndiyo kwanza anasikia. Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla ya ghorofa sita kusimama mahali pale, na jua la asubuhi likakoma kufika jikoni kwetu. Lakini lililonikera kuliko yote ni hili: kodi haikushuka hata shilingi. Tuliendelea kulipia nyasi ambazo hazikuwapo.

Hesabu ya Olmsted

Kwamba bustani hupandisha bei ya nyumba si uvumbuzi wa madalali wa Nairobi. Huko Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool nchini Uingereza, wakuu wa mji walinunua ardhi wakatenga sehemu moja iwe bustani ya watu wote na sehemu nyingine wakaigawa viwanja vya nyumba na kuviuza. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1847. Wazo lao lilikuwa rahisi: watu wenye uwezo watakimbilia kujenga karibu na miti, na pesa zao zitasaidia kulipa gharama ya bustani ambayo hata mfanyakazi wa bandarini ataitumia bila kutoa senti.

Mmarekani mmoja, Frederick Law Olmsted, aliitembelea bustani hiyo mwaka 1850 na akavutiwa sana. Miaka michache baadaye yeye na Calvert Vaux ndio waliobuni bustani ya Central Park mjini New York. Olmsted alikuwa mtu wa hesabu pia. Mwaka 1856, kabla kazi haijaanza, mali iliyokuwa katika kata tatu zilizoizunguka bustani hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 26.4. Kufikia mwaka 1873 ilikuwa imefika dola milioni 236. Bila shaka mji mzima ulikuwa ukikua wakati huo, na sehemu ya ongezeko hilo ingekuja hata kama pangebaki mawe na vinamasi. Tena Olmsted hakuwa shahidi asiye na upande, kwani alitaka bustani yake isifiwe. Hata hivyo kata hizo zilipanda mno kuliko jiji kwa jumla, na wakuu wa jiji waliona kwa macho yao jinsi kodi za mali zilizotokana na mitaa ile zilivyotosha kulipa riba ya madeni ya bustani.

Je, leo watafiti hujuaje ni kiasi gani cha bei kinatokana na miti, na ni kiasi gani kinatokana na mambo mengine? Mfano wa sokoni utatusaidia. Tuseme umeenda Marikiti. Kikapu kimoja kina sukuma wiki, nyanya, vitunguu na dania. Kingine kina vyote hivyo isipokuwa dania. Ukilinganisha bei za vikapu hivyo utajua dania ni pesa ngapi, ingawa hakuna aliyekutajia. Nyumba nayo ni kikapu: kuna idadi ya vyumba, umri wa jengo, umbali kutoka mjini, shule, maji, usalama, na kuna miti. Ukikusanya bei za maelfu ya nyumba zilizouzwa, unaweza kukokotoa kila kitu kinachangia kiasi gani. Mwanauchumi Sherwin Rosen ndiye aliyeuwekea mtindo huu msingi imara katika makala yake ya mwaka 1974, na tangu hapo wasomi wa vyuo vikuu hawajapumzika.

John Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alipitia tafiti nyingi za aina hiyo nchini mwake, na mwaka 2001 akatoa kipimo cha kuanzia: nyumba inayopakana na bustani tulivu, yaani ya miti na njia za kutembea, yaweza kuwa na bei iliyozidi kwa takriban asilimia 20. Tukichukua nyumba ambayo pasipo bustani ingeuzwa shilingi milioni 8, hiyo ni milioni 1.6 zaidi. Lakini usikimbilie kuwasomea wanunuzi wa Nairobi hesabu za Marekani. Cha kufaa zaidi kwetu ni mambo mawili aliyoyaona pamoja na hilo. Kwanza, faida hiyo hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali. Sehemu kubwa yake imo ndani ya mita 150 hivi, yaani kama hatua mia mbili, na hata kwa bustani kubwa ni shida kuiona ukishapita mita 600. Pili, si kila uwanja una baraka hiyo. Uwanja wa mpira wenye mataa, vipaza sauti na magari yaliyoegeshwa mpaka langoni mwako waweza hata kuipunguzia bei nyumba inayoutazama, huku nyumba zilizo nyuma kidogo zikifaidi.

Aliyewahi kuishi karibu na uwanja wa mikutano ya hadhara hahitaji profesa wa kumweleza hilo la pili.

Msitu wa wezi, msitu wa wapenzi

Turudi nyumbani. Msitu wa Karura una ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Unapakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ambayo ukiuliza bei ya ekari moja yafaa kwanza uketi. Ni rahisi kusema: tazama, msitu umeifanya mitaa hii kuwa ghali. Polepole, msomaji.

Nairobi iligawanywa tangu enzi za ukoloni. Wazungu walijitengea nyanda za juu za magharibi na kaskazini, zenye udongo mwekundu unaootesha chochote unachotia ardhini, na wakajipimia viwanja vikubwa. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ugali mbichi mvua inaponyesha. Mipango ya jiji iliyofuata, ukiwemo ule mpango mkuu wa mwaka 1948, iliukuta mgawanyiko huo na haikuuondoa. Kwa hiyo Muthaiga si ghali kwa ajili ya miti tu. Ina barabara, ina maji, ina mabalozi, na Umoja wa Mataifa uko hapo Gigiri. Pesa na miti vimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja hata huwezi kujua ni kipi kilichomleta mwenzake.

Lakini Karura yenyewe inatupa mtihani mzuri. Wasomaji wenye umri wangu mtakumbuka jina hilo lilivyotisha. Katika miaka ya 1990 Karura ilikuwa mahali pa kupitia mbio, vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Ilijulikana kwa wezi na maiti zilizotupwa. Kisha mnamo 1998 ikafichuka kwamba sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imegawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba za kifahari. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaingia na miche yao. Mnamo Januari 8, 1999 walivamiwa na kupigwa langoni mwa msitu huo, Profesa akatoka na jeraha kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana, wakakabiliana na polisi. Agosti mwaka uo huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Jambo ambalo husahauliwa ni lile lililofuata. Msitu uliookolewa kutoka kwa wanyakuzi ulikuwa bado msitu wa kuogofya. Ulibadilika pale Shirika la Huduma za Misitu liliposhirikiana na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura: ukawekwa ua wa umeme, wakaajiriwa walinzi, baadhi yao vijana wa kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu, na mwaka 2011 ukafunguliwa kwa umma wenye kulipa kiingilio. Leo watoto huendesha baiskeli humo, na wapenzi hupiga picha za arusi kwenye maporomoko ya maji. Miti ni ile ile. Kilichobadilika ni hofu, na maneno "inatazama msitu" yakapata nafasi katika matangazo.

Jambo kama hilo limepimwa kwingine. Mwaka 2008 watafiti Austin Troy na Morgan Grove walichapisha uchunguzi wao kuhusu mji wa Baltimore nchini Marekani. Waligundua kwamba pale ambapo uhalifu ni kidogo, ukaribu wa bustani hupandisha bei ya nyumba. Pale ambapo uhalifu umezidi mno, bustani iyo hiyo huishusha. Kwa hiyo wakala anapokuonyesha kijani kupitia dirishani, usimwulize miti ina umri gani. Muulize taa zinawaka saa ngapi, na ni nani anayepita humo saa mbili usiku.

Huko Kileleshwa na Kilimani mambo yamekwenda kinyume. Mitaa hii ilikuwa na nyumba za chini zenye bustani pana, ua la kayaba na mijakaranda iliyomwaga maua ya zambarau barabarani kila Oktoba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanuni za ujenzi zilipolegezwa, viwanja hivyo vimejazwa ghorofa. Kila mjenzi alitangaza utulivu na miti ya mtaa, kisha akaikata iliyo yake. Wa kwanza aliuza mandhari. Wa pili akajenga mbele ya wa kwanza, wa tatu mbele ya wa pili. Kijani cha watu binafsi hakidumu, kwa sababu kila mwenye nacho anangoja jirani yake atunze chake. Kilichobaki cha kutegemewa huko ni kile cha umma kama Arboretum, ile bustani ya miti ya hekta 30 hivi iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo mpaka leo hujaa pomoni kila Jumapili kwa kwaya, wanafunzi wenye vitabu na jamaa waliobeba chapati kwenye bakuli.

Na hata hicho cha umma hakikujilinda chenyewe. Mwaka 1989 nusura sehemu ya Uhuru Park iwe jumba la ghorofa 60. Mwaka 1991 ilipangwa Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji mwanzoni mwa karne ya 20, ichimbwe ijengwe maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama imara, na hii ndiyo sababu wahubiri na wachambuzi wa siasa wasio na kazi bado wana mahali pa kukutana mchana. Mwezi Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakiudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Ukuta ukaanguka, uwanja ukarudi shuleni. Picha za watoto waliovalia sare wakikohoa zilienea duniani kote.

Nani anafaidi?

Hapa, msomaji, ndipo ninapopata taabu kidogo. Ikiwa bustani huongeza bei ya nyumba, basi kila bustani mpya ni zawadi kwa mwenye nyumba na ni kodi zaidi kwa mpangaji. Central Park yenyewe ilianza kwa kuwafukuza watu. Palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village, chenye wakazi wapatao 225, wengi wao Wamarekani weusi, na baadhi yao wakimiliki ardhi na nyumba zao. Walipofika mwaka 1857 walikuwa wameondolewa wote. Katika mji uo huo, reli kuukuu ya juu ya barabara iligeuzwa kuwa bustani ya High Line, iliyofunguliwa mwaka 2009. Majumba ya kifahari yakachipuka kandokando yake na kodi za nyumba zikapanda, hata wenyeji waliokuwa wamepanga huko kabla ya bustani wakaona vigumu kubaki.

Kwetu sisi jambo hili liko mtoni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2024, yaliyoua watu wengi kote nchini na kuvunja nyumba huko Mathare na Mukuru, serikali iliamuru wote waliokuwa ndani ya mita 30 za kingo za mito waondoke, na matingatinga yakafuata. Mwaka 2025 ikaanzishwa kazi ya kuusafisha upya Mto Nairobi na kupanda miti kandokando yake. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka mto unuke. Bustani ya Michuki, iliyofunguliwa mwaka 2020 mahali palipokuwa na vyuma vikuukuu na taka, imetuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Lakini aliyelala kando ya mto wakati ulikuwa mtaro wa maji machafu, kwa sababu hapo ndipo kodi ilikuwa rahisi, je, atakuwapo siku maua yatakapochanua? Kwa wale wanaopanga mipango ya jiji, hili lapaswa kuulizwa kabla ya mche wa kwanza kupandwa, na jibu liwe la nyumba, si la ahadi.

Tena kuna suala la nani anayevuna ongezeko hilo la bei. New York ilivuna kupitia kodi za mali. Nairobi, kwa miongo kadhaa, ilitoza kodi ya ardhi kwa kutumia daftari la thamani lililotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ni hivi majuzi tu lilipobadilishwa. Maana yake ni kwamba miti ilihifadhiwa kwa jasho la wanaharakati, wanafunzi na walipa kiingilio, huku faida ya bei ikienda moja kwa moja mfukoni mwa aliyebahatika kuwa na ploti jirani. Yeye hakupigwa rungu na mtu. Simlaumu, maana hata mimi ningeshukuru, ila ningependa sehemu ya pesa hizo irudi kupanda miti kule Kayole na Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hata majirani waweza kupeana chumvi kupitia madirisha.

Kabla hujatoa pesa

Sasa tuseme umepata nyumba au ploti, na mbele yake pana kijani. Usilipe ziada kabla ya kujua kijani hicho ni cha nani.

Msitu uliotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali ni salama kuliko kiwanja kisicho na karatasi. City Park, kwa mfano, ilimegwa kwa miaka mingi mpaka ilipotangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2009. Hatari kubwa zaidi imo katika ule uwanja mdogo ulio katikati ya mtaa, ambao kila mtu anauita "wetu" na hakuna mwenye hati yake. Shamba kubwa linapogawanywa viwanja, kanuni za mipango hutaka sehemu itengwe kwa barabara, shule na uwanja wa wazi, na sehemu hiyo ikabidhiwe serikali. Katika ramani huonekana vizuri sana. Lakini mara nyingi kukabidhi huko hakufanywi. Ploti ile hubaki kwa jina la mwenye shamba au la kampuni iliyogawa, na miaka kumi baadaye, viwanja vyote vikishauzwa na bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya uwanja, mtu huikumbuka. Nyingine hunyakuliwa waziwazi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokamilishwa mwaka 2004, ilijaa viwanja vya shule, bustani na misitu iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Kwa hivyo, unapopeleleza hati ya ploti yako, lipia upelelezi wa pili: wa ule uwanja ulio mbele yako. Kwa Nairobi msako wa ardhi sasa hufanywa kupitia mtandao wa Ardhisasa, na ramani za upimaji zinapatikana kwa idara ya upimaji huko Ruaraka. Nambari ya uwanja utaisoma kwenye ramani hiyo. Ukikuta jina la mtu au la kampuni, jua kwamba unatazama jengo ambalo bado halijajengwa, na utoe bei inayofanana na hilo. Pita pia katika idara ya mipango ya kaunti, City Hall, uulize ikiwa kuna ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja. Wenye maombi kama hayo hutakiwa kuyatangaza, na ndiyo maana utaona kibao kidogo kimepigiliwa kwenye mti mahali ambapo hakisomeki vizuri. Kisome.

Ukinunua nyumba ya ghorofa, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba za namna hiyo inakupa hati ya nyumba yako pamoja na fungu lako katika mali ya pamoja ya wakazi. Hakikisha bustani imo ndani ya mali hiyo ya pamoja katika ramani iliyosajiliwa. Ikiwa haimo, basi mjenzi ameibakisha kwake, na huenda si kwa ajili ya kupanda maua.

Kisha nenda mwenyewe, si mara moja. Nenda Jumanne mchana, nenda Ijumaa usiku, nenda Aprili mvua ikinyesha uone maji yanaelekea wapi. Ongea na bawabu na mama mboga wa langoni. Hao wanajua zaidi ya wakala: wanajua nyani huingia jikoni kwa nani, na nani aliporwa simu kwenye kijia cha msituni. Huko Lang'ata na Rongai, karibu na mbuga ya wanyama ya Nairobi, watakueleza hata habari za simba, na mwaka 2016 hazikuwa hekaya.

Nasi tulikuja kutafuta ploti ya kununua, baada ya kuchoshwa na kulipia nyasi za jana. Wakala kijana, mwenye tai nyekundu, alitupeleka nje ya jiji akatufungulia kijitabu chenye picha za kupendeza: nyumba, bembea, watoto, bwawa la bata. Ploti zilizoelekea bwawa zilikuwa ghali zaidi kwa laki tatu. Mke wangu, ambaye tangu siku ile ya mabati haamini picha, alimwomba ramani yenyewe, akaweka kidole juu ya bwawa na kuuliza kwa nini sehemu hiyo imegawanywa kwa mistari kuwa vipande kumi na viwili vyenye nambari. Kijana aliitazama ramani kwa muda mrefu, kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona.

"Hiyo, mama," akasema, "ni awamu ya pili."